Kanuni ya tone moja la damu

Huko Marekani, "tone moja" ilikuwa kanuni ya kuamua nani ahesabiwe mweusi. Ukoo wako ukiwa na mtu mmoja tu wa asili ya Afrika, hata awe wa vizazi vingi nyuma, basi nawe ni mweusi, ngozi yako iwe nyeupe namna gani. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi, kisha baadhi ya majimbo yakaiandika katika sheria. Virginia ilifanya hivyo mwaka 1924. Enzi za utumwa ilikwenda pamoja na sheria nyingine, ambayo Virginia hiyohiyo iliipitisha 1662: mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni mwenye shamba.

Sijaona anayeieleza kanuni hii vizuri kuliko Roxana, mama mtumwa katika Pudd'nhead Wilson, riwaya ya tashtiti ya Mark Twain iliyotoka 1894. Ukimtazama ni mweupe. Katika sehemu 16 za asili yake, 15 ni za Wazungu, na hiyo moja iliyobaki inatosha kumfanya mtumwa. Mwanawe ana moja katika 32, na macho ya buluu. Roxana analea pia mtoto wa bwana wake, na baba mtu mwenyewe huwatambua watoto hao kwa mavazi tu: wa kwake amevaa melimeli laini na mkufu wa marijani, mwenzake kishati cha kitani kigumu kinachoishia magotini.

Kwa hofu kwamba mwanawe atauzwa siku moja kwenye mashamba ya kusini, Roxana anawabadilisha nguo. Basi. Mtumwa akawa bwana na bwana akawa mtumwa, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuna mjini aliyegundua.

Ukweli unapofichuka mahakamani, mrithi halali anarudishiwa jina lake. Hajui kusoma wala kuandika, na sebuleni hana raha. Raha yake iko jikoni. Kanisani kiti cha familia kinamtesa, lakini roshani ya watumwa aliyoizoea haruhusiwi kuikanyaga tena. Yule mwingine amehukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua. Wadai wa marehemu bwana wanakuja juu: huyu ni mali yetu, akifungwa tutapata hasara. Gavana anawaelewa, anamsamehe palepale, nao wanamuuza kusini.