Ethi kwenye gari la kujiundia: ni nini hasa, na kwa nini ikiharibika taa zinacheza disko

Ethi kwenye umeme wa gari ni njia ya kurudi. Umeme unatoka betri upande wa chanya, unapita fyuzi, unapita swichi, unafika kwenye taa au pampu ya mafuta, unafanya kazi yake, alafu lazima urudi betri upande wa hasi, usiporudi hamna kazi inayofanyika hata kama fyuzi ni nzima na swichi ni mpya. Kwa hiyo kila kifaa kina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, ila watu wengi wanahangaika na ya kwenda tu mana ndo yenye fyuzi, ndo yenye waya za rangi rangi, ndo inayochorwa kwenye mchoro kwa mapana. Ya kurudi inachorwa kialama kidogo tu pale mwisho na mtu anaamini ipo.

Kwenye Corolla au Land Cruiser kuamini hivo hakuna shida kubwa. Bodi nzima ni bati la chuma limechomelewa pamoja na kiwanda kimelitumia lile bati kama waya mmoja mnene wa kurudishia umeme, ndo mana ukifungua taa ya nyuma unakuta kawaya keusi kafupi kamefungwa skrubu kwenye bodi hapo hapo, basi kazi imeisha.

Gari la kujiundia haliko hivo. Naongelea yale magari ambayo kampuni inakuuzia chesisi, bodi na vipande kadhaa, we unatafuta injini, giaboksi na difu kutoka gari lingine la zamani, Ford Sierra labda au Mazda MX-5, unaunganisha mwenyewe nyumbani. Uingereza ndo kwao hasa. Lotus Seven ya 1957 ilipata wateja wengi kwa staili hii kwa sababu gari la vipande lilikuwa halitozwi ile kodi ya manunuzi ya gari zima, mpaka VAT ilipoingia 1973 ule unafuu ukafa, na mwaka huo huo Caterham wakaichukua Seven, mpaka leo unaweza kuagiza ya kujiundia mwenyewe. Kuna Lotus Elan ya 1962 nayo iliuzwa kwa vipande, katikati chesisi ya chuma kama uti wa mgongo, bodi yote ya juu faiba. Marekani Bruce Meyers akatoa Meyers Manx California mwaka 1964, bodi ya faiba juu ya mitambo ya Volkswagen Beetle.

Sa faiba haipitishi umeme. Hata kidogo. Ukifunga taa ya nyuma kwenye bodi ya faiba ukachukua kale kawaya keusi ukakakaza kwa skrubu pale pale kama ulivyozoea kwenye bati, umekafunga kwenye plastiki, hakaendi popote. Na hata pale penye chuma, yani chesisi, mara nyingi imepigwa rangi ya unga inayookwa kwenye oveni, rangi ngumu kweli kweli na nzuri sana kwa kuzuia kutu lakini inazuia na umeme vile vile, kwa hiyo bolti iliyokazwa juu ya ile rangi inapata mguso kidogo tu kwenye meno yake, leo inafanya kazi, mvua mbili tatu zikipita kutu ikianza haifanyi tena. Juu ya hapo injini yenyewe imekaa kwenye mauntingi za raba. Giaboksi pia raba. Kwa hiyo unaweza kuwa na betri imefungwa vizuri kabisa kwenye chesisi na injini ikawa inaelea, haina hata sehemu moja ya uhakika inayoiunganisha na betri.

Na hapo ndo linatokea jambo ambalo kila anayeunda gari inabidi alijue kabla hajapiga stata mara ya kwanza. Stata inakula umeme mwingi kuliko kitu chochote kwenye gari, ampea 100 mpaka 200 kwa injini ya kawaida, na umeme ukikosa barabara yake unapita njia ya panya. Ya panya ipi? Kebo ya akselereta, mana ni ya chuma na upande mmoja imeshika injini upande mwingine imeshika bodi au pedali. Au kebo ya spidi. Au kebo ya klachi. Ukipiga stata unaona kebo inatoa moshi, ala yake ya plastiki inayeyuka, na kesho yake akselereta inanata ukiiachia hairudi. Mtu anaanza kulainisha kebo, anabadilisha springi, anafungua throto anaisafisha, anatafuta ugonjwa wa kimakanika kabisa wakati kilichokosekana ni mkanda wa ethi wa bei ndogo kutoka injini kwenda kwenye chesisi. Kebo iliyowahi kuungua hivi usiihurumie, itupe, hiyo ndo inayoshika mwendo wa gari.

Kuna dalili zingine ambazo ukishazijua huhitaji hata kufungua kitu kujua pa kuanzia. Chukua balbu ya nyuma ya wati 21 na 5, ina nyuzi mbili ndani, moja ya breki moja ya taa ndogo, ila ethi yao ni moja. Ethi ikikatika ukakanyaga breki umeme unaingia kwenye uzi wa breki, unafika mwisho haupati pa kutokea, unageuka unapanda ule uzi wa pili kinyumenyume, unatoka kwenye waya wa taa ndogo na kwenda kutafuta ethi kwenye taa ndogo zingine za gari. Matokeo yake unakanyaga breki taa za dashibodi zinawaka hafifu. Au unawasha indiketa taa ndogo zinapepesa nayo. Ukiona taa moja inaigiza kazi ya nyingine, usiguse swichi wala relei, nenda kwenye ethi ya ile taa. Madereva wa trela wanaijua sana hii, waya wa ethi ukilegea kwenye plagi ya trela taa zote za nyuma zinacheza disko.

Geji nazo zinadanganya, na hapa ndo watu wanapotea hela nyingi zaidi kwa sababu geji ikisema injini inachemka huwezi kuipuuza. Joto la maji haliwezi kupanda ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo kama mshale wa joto unaruka juu pale pale unapowasha taa kubwa, na ukizima unarudi, maji hayajafanya kitu, ni geji na taa zinagombania ethi moja dhaifu. Kwenye dashibodi zenye geji za zamani za Kiingereza kuna kidude kidogo cha kushusha volti, kinazipa geji kama volti 10 hivi ili zisiyumbe betri ikiyumba, na kile kidude kinapata ethi yake kupitia ganda lake lililofungwa kwenye dashibodi ya chuma, sasa mtu anatengeneza dashibodi nzuri ya mbao au faiba, anakifunga pale, ganda halina ethi tena, kinaacha volti zote za betri zipite. Dalili yake iko wazi: geji ya mafuta na geji ya joto zote mbili zinasoma juu kwa pamoja. Tenki nusu inasoma karibu full na injini inaonekana inataka kuchemka. Nimeona mtu kashusha rejeta, kabadilisha thamostati na pampu ya maji, kabla ya kupeleka waya mmoja wa ethi kwenye kile kidude.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Sensa ya joto yenye waya mmoja inapata ethi kupitia meno yake pale ilipoingia kwenye injini. Ukiizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje unaweza kuikatia ethi, na geji itakaa upande wa baridi hata injini ikiwa inachemka kweli.

Sa tuje kwenye hesabu, ni ndogo na ndo inayoeleza kila kitu hapo juu. Volti zinazopotea njiani ni ampea mara ukinzani wa njia, na ukinzani unapimwa kwa ohm. Mguso mchafu wa ohm 0.01 unaonekana si kitu, ila ukipitisha ampea 150 za stata pale unapoteza volti 1.5, na betri wakati wa kupiga stata yenyewe imeshashuka iko kama 10 na nusu, stata inabakiwa na 9, inazunguka kivivu au inasema tik basi. Taa kubwa ya wati 55 inavuta kama ampea 4 na nusu, ethi yenye ohm 0.2 inakula volti karibu moja, na balbu ya halojeni ikikosa volti moja mwanga unapungua karibu robo nzima. Ona sasa, ohm 0.01 ile ile iliyoilaza stata haiwezi kuisumbua taa, utawasha taa zitawaka vizuri na utasema ethi iko sawa. Ubaya wa ethi unategemea umeme kiasi gani unapita.

Ndo mana kupima ethi kwa mita kwenye upande wa ohm kunadanganya watu. Mita inapitisha umeme mdogo sana. Waya wenye nyuzi 30 ukikatika nyuzi 29 ikabaki moja, mita bado itasoma karibu sifuri na itakulilia ile biiip ya kusema njia ipo, na ni kweli ipo, ila kwa stata haifai. Ethi inapimwa ikiwa kazini, umeme wenyewe ukiwa unapita, na kinachopimwa ni volti zilizopotea.

Unafanya hivi. Weka mita kwenye volti za DC, skeli ya 20 au ya 2. Probu nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe katikati, sio kile kishikio kinachoizunguka, mana mara nyingi uchafu uko kati ya hivo viwili na ukigusa kishikio umeshauruka. Probu nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Chomoa waya wa koili, ile inayotengeneza cheche za plagi, au fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, hakikisha gari halina gia, mwambie mtu apige stata sekunde tatu nne we unaangalia mita. Ukisoma 0.2 au chini ya hapo uko vizuri. Ikipita 0.5 kuna tatizo na hamna haja ya kununua betri wala stata. Sa sogeza probu nyekundu hatua kwa hatua kurudi kuelekea betri, bolti ya mkanda kwenye injini, kichwa cha waya, chesisi, kichwa cha waya mwingine, kishikio cha betri, na kila hatua piga stata. Pale ambapo namba inashuka ghafla, ugonjwa uko kati ya hapo na pale ulipogusa kabla. Kwa taa ni hivo hivo, washa taa, gusa ethi ya balbu yenyewe, isizidi 0.1 au 0.2.

Kutengeneza sio kazi ngumu ila inataka uvumilivu. Waya mkubwa wa hasi utoke betri uende moja kwa moja kwenye injini au giaboksi, sio kwenye chesisi alafu utegemee mauntingi, kisha mkanda wa pili kutoka injini kwenda chesisi. Betri ikiwa mbele waya wa milimita mraba 25 unatosha kwa injini nyingi ndogo, ila kama umeihamishia kwenye buti ili uzito ugawanyike, kitu ambacho wengi wanafanya, nenda 35 au zaidi mana urefu wa waya nao ni ukinzani. Kwarua rangi mpaka chuma king'ae, kwa upana wa kichwa cha waya, weka washa ya meno, kaza, alafu ndo upake grisi au vaselini juu yake kuzuia maji. Taa zote zilizo kwenye faiba zipe waya wao wa kurudi mpaka kwenye bolti moja ya mbele na moja ya nyuma, hizo bolti mbili zijue zilipo na uache nafasi ya mkono kuzifikia. Kama umechukua injini yenye kompyuta, ethi za sensa zirudi pale pale kiwanda kilipoziweka, usizichanganye na ethi ya koili wala ya feni, utapata injini inayokatakata kila feni ikiwaka.

Gari la namna hii Uingereza linapita ukaguzi wa IVA, yani wa gari moja moja, kabla halijasajiliwa na mkaguzi anawasha kila taa, sa bora upime siku moja kabla, taa zote zikiwa zimewaka pamoja na breki imekanyagwa, sio moja moja.

Na kama upande wa ethi wote umesoma vizuri na stata bado inazunguka kivivu, hamia upande wa chanya kwa kipimo kile kile: probu moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, piga stata. Hapo ukipata volti nusu au zaidi angalia vichwa vya waya na swichi kubwa ya kukatia betri kama uliweka, zile swichi za bei rahisi zinaungua ndani na kwa nje zinaonekana mpya.