Ndoto haina moshi, jamani

Jana saa nne usiku imeingia sauti ya WhatsApp kutoka kwa prodyuza. Fupi tu: "Kaka, ile sini ya ndoto mbona haijulikani kama ni ndoto? Weka ule moshi bwana, na mwangwi kwenye sauti." Hii ni mara ya tano mwaka huu. Maprodyuza watano, moshi mmoja. Naandika ili wa sita nimtumie linki, mimi nikalale.

Filamu yenyewe ni ya mapenzi na ya kutisha. Mwanamke wa Tabata, mumewe anaendesha lori la Tunduma, na kila mume akisafiri anamwota mwanamume mmoja mpole kupita kiasi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Jini mahaba, yule anayempenda binadamu na kumjia usingizini, bibi zetu walituonya naye kabla hatujashika kamera. Bajeti ni vyumba viwili, siku nne, taa mbili za LED, na fundi wa kuchomelea mageti nyuma ya ukuta ambaye akisikia "action" tu, naye anawasha mashine.

Sasa huo moshi. Nani amewahi kuota akaona ukungu pembeni? Ukiota uko sokoni Buguruni, unaona Buguruni. Nyanya nyekundu, matope matope. Marehemu babu yako anakudai chenji nawe unapapasa mfukoni kwa bidii, hushangai hata kidogo. Mshangao unakuja asubuhi, ukianza kusimulia. Moshi ni wa msimulizi, si wa mwotaji. Ukiuweka umeshamnong'oneza mtazamaji kwamba atulie, hii si kweli, halafu dakika hiyohiyo unamtaka aogope. Ataogopa nini?

Ushahidi wangu mkubwa ni jinamizi. Mwaka 1953, watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kuhusu usingizi ule ambao macho yanakimbia huku na huku chini ya kope. Ndoto nyingi zilizo kali zinatokea humo, na muda huo mwili unalegezwa misuli, usije ukampiga ngumi uliyelala naye. Kuna wakati akili inatangulia kuamka, misuli inabaki nyuma. Macho yako wazi, kidole hakinyanyuki, na kuna mtu amesimama mlangoni. Waliowahi kukabwa wanajua. Chumba unachokiona ni chako kilekile, feni ileile, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Kilichoongezeka ni yule mmoja tu. Hakuna moshi hata wa udi.

Kwa hiyo kwenye kuediti mimi nafanya hivi: sini za ndoto na sini za kuwa macho zinapata rangi moja, lenzi moja, sauti moja. Tofauti naacha moja. Kwenye filamu hii ni chandarua. Mwanamke akiwa macho, chandarua kimechomekwa chini ya godoro. Akiota, kimefungwa fundo juu. Hakuna mhusika anayekitaja, kamera haikisogelei. Mtazamaji hajui kwamba amejifunza, ila mwili wake umejifunza: fundo juu, yule bwana anaweza kuingia, kikichomekwa, salama. Dakika ya hamsini na kitu mume amerudi, anakoroma, chandarua kimechomekwa vizuri pande zote, mwanamke anageuka upande wa pili wa mto. Yule bwana yumo ndani. Hapo sihitaji muziki wala kelele ya ghafla.

Damu na meikapu sitaviongelea. Rangi ya chakula, sharubati nzito, tuendelee.

Sauti ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na hakuna anayeigusa. Mwangwi! Kwani ndotoni watu wanaongea wakiwa ndani ya pipa? Fanya kinyume chake: toa kitu. Mwaka 1962 Mmarekani Herk Harvey alitengeneza filamu ya kutisha, Carnival of Souls, kwa takriban dola 33,000, na sini inayonikosesha usingizi mpaka leo ni ya dukani. Dada anatembea kati ya watu, sauti ya dunia imezimwa, hakuna anayemsikia wala kumwona. Inarudi pale anaposikia ndege bustanini. (Ndiyo, najua, pale sauti inapokatika naye aliweka viwimbi kwenye picha. Sijamsamehe.)

Hapa kwetu ndege ni kunguru. Dar huwezi kurekodi alfajiri bila wao, na usiku wa manane kwa kawaida wamelala. Basi kwenye ndoto zote nikaweka kunguru kwa mbali sana chini ya giza la saa nane usiku. Nilijiona fundi kweli kweli. Nikamwonyesha mdogo wangu kwenye simu, akaniuliza, "Kaka, mbona kunguru wanalia usiku? Sauti zimewachanganya?"

Hapo pananisumbua, na sijui kama nimepatatua. Filamu ya bei kubwa ikifanya jambo la ajabu, mtazamaji anasema kuna siri. Yetu ikifanya jambo lilelile, anasema wamekosea. Na hana kosa, tumemzoesha. Kuna filamu kapiga picha mtu aliyeacha shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/60 ya sekunde, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu zote zikawa zinapwitapwita mistari. Angeweka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 yangekwisha. Prodyuza akaniambia niiache, efekti nzuri. Mtazamaji aliyetoka huko ataamini vipi kwamba kunguru wangu ni wa makusudi?

Jibu nililonalo ni la kuchosha: safisha kwanza sini za kuwa macho mpaka usiwe na doa, ndipo dosari ya ndoto ionekane imetumwa. Halafu irudie. Mara moja ni kosa, mara mbili ni bahati mbaya, ya tatu mtu anakaa sawa kitini. Lakini kwenye filamu moja nilirudia mara nne na bado watu wakaniandikia kwamba faili limeharibika. Pengine kwa anayetazama ndani ya daladala huku konda anagonga bati, ule moshi walau unamfikishia ujumbe. Sipendi kulikubali hilo, lakini sina hoja ya kulivunja.

Na mapenzi? Ndiyo yatangulie. Yule bwana lazima apendeze, amsikilize, amkumbuke mama yake dada wa watu kwa jina. Mtazamaji akianza kumngoja arudi, kazi ya kutisha imebaki robo.

Leo asubuhi nimempigia prodyuza, tumebishana dakika arobaini, vocha yangu. Tumekubaliana moshi uwekwe kwenye posta, lile bango la filamu. Habari ya kunguru hajaniuliza bado.