Sima Yan aliwapa ndugu zake majeshi, ndugu wakaimaliza nchi

Watu wakiniuliza China ya kale ilivunjikaje wanataka mbabe wa vita Cao Cao na Falme Tatu, enzi nchi ilipogawanyika vipande vitatu, mi nawavuta mbele kidogo, kwenye vita ya wanamfalme wanane, 291 mpaka 306.

Iko hivi. Ukoo wa Cao, uliotawala kaskazini kabla ya Sima Yan, uliwabana sana ndugu zake wa damu, hawakuwa na jeshi la maana, so siku Sima Yan anakitwaa kiti mwaka 265 na kuanzisha utawala wa ukoo wake, Jin, hakukuwa na ndugu wa kumzuia. Akaona mi sirudii kosa hilo. Akawapa baba zake wadogo, wadogo zake na watoto wake himaya zenye askari, afu mbaya zaidi wengine wakakabidhiwa majeshi ya miji mikubwa kama Ye, Xuchang na Chang'an. Mi simlaumu kirahisi, 280 aliimeza Wu, ufalme wa mwisho kati ya zile tatu, na nchi ikawa moja, angejuaje.

290 akafa. Mwanae Sima Zhong hakuwa na akili ya kuendesha nchi kabisa, na mfalme wa hivyo anakuwa kama mhuri tu, anayeushika ndo serikali. Mkewe Jia Nanfeng aliushika, 291 akamtumia mwanamfalme Sima Wei kumuua mwanamfalme mwenzake Sima Liang, afu palepale akamuua Wei kwamba kaghushi amri ya mfalme. 300 babu mdogo wa mfalme, Sima Lun, akampindua Jia, 301 akajitawaza mwenyewe, wanamfalme watatu wakamshukia na majeshi, halafu wakageukiana wao kwa wao, na kila mmoja anadai anamuokoa mfalme!

Ila kilichoimaliza Jin ni 304. Maadui wa Sima Ying, mmoja wa wale wanamfalme watatu, walikuja na wapanda farasi wa Xianbei, kabila la kaskazini, yeye akamruhusu Liu Yuan, mkubwa wa Waxiongnu, kabila lingine la kaskazini, aliyekuwa kashikiliwa pale Ye, akalete watu wake wamsaidie. Liu Yuan akaenda, watu akawapata, akatangaza ufalme wake. 311 jeshi la mwanae likauchoma mji mkuu, Luoyang.

Kuna barua ya siku zile ya mfanyabiashara wa Kisogdia, watu wa Asia ya Kati, anaitwa Nanai-vandak, anawaambia wakubwa zake wa Samarkand kwamba mfalme kakimbia Luoyang kwa njaa, ikulu na mji vimeungua, na wenzao waliokuwa huko kwa biashara wamekufa. Kila nikiisoma nashikwa na huzuni, maana haikufika, ilikutwa 1907 kwenye mnara wa walinzi karibu na Dunhuang, magharibi mwa China, ikiwa bado ndani ya bahasha yake.