Ukiombwa kushiriki utafiti wa tiba, soma fomu kabla ya kuweka dole gumba

Mei 20 dunia huadhimisha siku ya majaribio ya tiba, na kwa sisi tunaoshughulikia maadili ya utafiti, huo huwa msimu wa malalamiko. Mzazi analalamika kwamba mwanawe aliingizwa kwenye utafiti akiwa mahututi. Mgonjwa wa magoti anasema ametapeliwa, maana huenda anameza kidonge kisicho na dawa. Wengine wanataka kujua damu yao imeuzwa wapi.

La mtoto ndilo zito.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa wodini na homa kali, mikono ya baridi na pumzi za shida alifunguliwa dripu ya haraka ili damu izunguke. Nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi zilifanya hivyo, na sisi tukafanya. Kuanzia 2009 hadi 2011, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania (ya kwetu Tanzania ilikuwa Teule, Muheza) zililipima jambo hilo katika utafiti ulioitwa FEAST. Watoto 3,141 walipangwa kwa kura: wengine walipewa maji mengi kwa haraka, wengine maji ya kawaida ya kuwatunza. Wote walipata dawa za ugonjwa wao. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kati ya 10 na 11. Kwa wenzao walikuwa 7. Kamati huru ya usalama wa washiriki ilishauri kazi isimame kabla idadi iliyopangwa haijafikiwa, nayo ikasimama.

Wanaoharisha hawakuwemo katika utafiti ule, na kwa mtoto anayeharisha, maji ndiyo uhai wake. Asije mtu akamnyima ORS kwa kisingizio cha makala hii.

Tunaambiwa kila siku kwamba utafiti unawageuza Waafrika panya wa maabara. Basi nami niulize: wale waliokuwa wakifunguliwa dripu za haraka kabla ya 2009, bila kura, bila fomu, bila kamati ya kuhesabu vifo, walikuwa nani?

Ridhaa katika hali kama ile huchukuliwa kwa hatua mbili. Kwanza mzazi huelezwa kwa kifupi na kuombwa kauli ya mdomo, kwa sababu kumsomesha kurasa kadhaa mama ambaye mtoto wake anadegedeka ni ukatili, na kumsubirisha mtoto ni hatari. Mtoto akitulia, mzazi hupewa maelezo kamili na fomu. Akikataa hapo, mtoto anatolewa kwenye utafiti na matibabu yanaendelea. Ila daktari wa zamu hajiamulii utaratibu huu usiku ule. Lazima uwe umeandikwa kwenye andiko la utafiti, yaani mpango wake kamili, na kupitishwa mapema. Kama haukuandikwa, mzazi ana haki ya kulalamika, na tutamsikiliza.

Kuhusu vibali, kwa Tanzania Bara andiko hupitiwa na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Utafiti ukihusisha dawa, chanjo au kifaa tiba, kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ni cha lazima pia. Cha kwanza hakifuti cha pili. Zanzibar ina mamlaka zake, na kibali cha Bara hakivuki maji chenyewe. Kibali kina muda wake na huhuishwa. Mtafiti akitaka kubadilisha dozi, kuongeza kipimo au hata kurekebisha sentensi ya fomu ya ridhaa, anarudi kwanza kwenye kamati kwa maandishi. Madhara makubwa huripotiwa kwa muda maalumu. Kanuni za kimataifa zinatoa siku 7 kwa kifo au hali ya kutishia uhai ambayo haikutarajiwa na inayohisiwa kutokana na dawa, na siku 15 kwa mengine mazito yasiyotarajiwa. Anayekiuka anaweza kusimamishiwa utafiti au kufutiwa kibali, na mwanataaluma akafikishwa kwenye baraza lake. Anayeanza jaribio la dawa bila kibali anavunja sheria, na barua ya kuomba radhi haigeuzi hilo.

Sasa magoti. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 waliosagika magoti. Wengine walisafishwa goti kwa upasuaji wa kamera, wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa. Baada ya miaka miwili maumivu yalikuwa yale yale pande zote. Ukisikia hivyo utasema wale wa kuchanwa ngozi walidanganywa. Hawakudanganywa. Kila mmoja aliandika kwa mkono wake kwamba anajua huenda asifanyiwe upasuaji halisi. Wagonjwa 324 walistahili kushiriki, 144 wakakataa. Karibu nusu! Hiyo ndiyo ridhaa inayofanya kazi.

Kwa hiyo mgonjwa wetu wa kidonge arudi kwenye fomu yake. Habari ya kidonge kisicho na dawa inatakiwa iwemo, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ikiwemo, basi hakutapeliwa. Alitia saini bila kusoma. Isipokuwemo, atuletee nakala. Nakala ni yake, si hisani ya mratibu. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, ndipo aweke dole gumba.

Meno yanatupa mfano wa utafiti wenye faraja zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusika kuanzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine wala umeme. Ikapimwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Wapo Watanzania ambao hadi leo wanadhani jino likitoboka dawa yake ni kung'olewa tu.

Nao wanaouza dawa za viungo kwenye vituo vya mabasi wakitangaza "imethibitishwa na utafiti", waulize utafiti upi, wenye kibali namba ngapi. Jibu likiwa ushuhuda wa shangazi yake, hifadhi fedha yako.

Damu haiuzwi. Sampuli ikipelekwa nje ya nchi sharti kuwe na mkataba wa uhamishaji sampuli ulioidhinishwa, unaotaja kiasi, kazi yake na hatima yake. Nauli na fidia ya muda unayopewa si bei ya damu, na kiwango chake hupitishwa na kamati hiyo hiyo.

Kuacha unaruhusiwa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida hospitalini haiguswi. Tunachoomba ni useme umeacha, upimwe mara ya mwisho kwa usalama wako, na urudishe vidonge vilivyobaki. Usimgawie jirani anayeumwa magoti. Hujui kilichomo ndani, na mara nyingi hata muuguzi aliyekupa hajui.