Duka la mitumba la kanisa: yanayosemwa na yaliyotokea

Mtu akisikia kwamba kanisa fulani Marekani au Uingereza lina duka la nguo kuukuu, mara nyingi hudhani lilianza na mchungaji mwenye huruma aliyegawa makoti kwa maskini, kisha miaka ikapita, tamaa ikaingia na bei zikabandikwa. Nimeisikia dhana hii hata kwa watu wanaolipenda kanisa. Inaudhi kwa sababu inafuta kazi ya mikono ambayo ndiyo iliyoyasimamisha maduka hayo.

"Zamani nguo zilitolewa bure, biashara imekuja juzi."

Tuanze Boston, Marekani. Edgar Helms alikuwa mchungaji wa Kimethodisti aliyetamani kwenda India kama mmisionari. Badala yake, mwaka 1895 alikabidhiwa Morgan Chapel, kanisa la mtaa wa South End uliojaa wahamiaji waliohangaika kutafuta kibarua. Ilipofika 1902, Helms alikuwa akibeba gunia na kupita kwenye nyumba za matajiri wa mji huo, akiomba nguo, viatu na vyombo walivyokwisha kuvitumia.

Kugawa bure hakukudumu. Waumini na majirani wa kanisa lile walikuwa watu wa kazi. Walichokosa ni ajira, na heshima yao walikuwa nayo. Walitaka kulipa, hata kama ni senti chache. Kwa hiyo utaratibu ukawa huu: vitu vinakusanywa, wasio na kazi wanaajiriwa kuvitengeneza, vinauzwa kwa bei ambayo jirani anaimudu, na mauzo yanalipa mishahara ya waliovitengeneza. Mwanamke asiye na kibarua angeweza kukaa na sindano, akashona bitana iliyochanika ya koti la sufu, akaondoka na ujira wake. Anayelinunua koti lile hadaiwi shukrani na mtu. Mwaka 1905 kazi hiyo iliandikishwa rasmi kama chama cha viwanda na maduka ya ushirika, na baadaye ikajulikana kwa jina la Goodwill. Kaulimbiu yake ilikuwa "si sadaka, bali nafasi", na kwa maoni yangu hakuna maelezo bora kuliko hayo ya kwa nini kulikuwa na bei.

Jeshi la Wokovu walikuwa wameshika njia hiyo mapema zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1890, William Booth, mwanzilishi wa jeshi hilo, alipendekeza vikosi vya watu wasio na ajira vipite nyumba kwa nyumba London kukusanya vilivyotupwa, vitengenezwe na kuuzwa. Mwaka 1897 wenzake wa New York walikuwa na kazi ya namna hiyo kwenye hifadhi ya wanaume wasio na makazi: mikokoteni inatoka, mizigo inarudi, wanaolala pale ndio wanaoitengeneza. Mpaka leo mauzo ya maduka ya Jeshi la Wokovu nchini Marekani yanaendesha vituo vya kuwasaidia watu kuachana na ulevi na dawa za kulevya.

"Kanisa kuuza kilichotolewa kwa Mungu ni kugeuza hekalu kuwa soko."

Anayesema hivi aulize kinachofanyika nje ya sharika nyingi za Kilutheri Tanzania baada ya ibada. Ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, vyote vilivyoletwa kama sadaka, vinapigwa mnada pale pale uwanjani, na mzee wa kanisa anapandisha bei kwa sauti huku watu wakicheka. Hakuna anayeona kwamba jogoo yule amenajisiwa. Koti la Boston halina tofauti yoyote.

"Wanaouza humo wote wanajitolea."

Inategemea duka. Helms alilipa ujira kwa makusudi. Wamennonite walikwenda njia nyingine: mwaka 1972, katika mji mdogo wa Altona, Manitoba, nchini Kanada, wanawake wanne walifungua duka ili mapato yake yaende kwenye kazi ya misaada ya kamati kuu ya kanisa lao. Likazaa mengine mengi Kanada na Marekani, na nguvu kazi yake kubwa ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Kwa Helms, faida kubwa ilikuwa ajira ndani ya duka lenyewe. Kwa Altona, ilikuwa fedha zinazotumwa mbali.

"Goodwill ni kanisa," au "Goodwill ni mali ya tajiri mmoja."

Yote mawili si kweli. Ni muungano wa mashirika mengi ya kienyeji yasiyogawana faida, kila moja na bodi yake. Mizizi ni ya Kimethodisti, lakini leo hauendeshwi na dhehebu.

"Mitumba ni nguo za wafu," na ndugu yake: "ni msaada wetu uliouzwa na wajanja."

Walioishi Tanzania miaka ya 1980 wanalikumbuka jina la *kafa Ulaya*. Ni kweli kwamba familia ikifiwa hupeleka nguo za marehemu dukani, lakini sehemu kubwa zinatoka kwa watu walio hai kabisa waliochoka na kabati zao, au watoto waliokua. Kuhusu msaada, dhana ina mzizi: kabla masharti ya biashara hayajalegezwa, nguo kuukuu zilipita pia kwa mkono wa makanisa na mashirika ya misaada. Belo linalofunguliwa leo katika soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, lina safari nyingine. Duka la hisani haliwezi kuuza kila linachopokea. Linachagua kilicho kizuri, na kinachobaki kinauzwa kwa kilo kwa makampuni ya kupanga madaraja, yanayofunga mabelo na kuyauzia waagizaji. Mfanyabiashara wa kwetu amelinunua kwa fedha zake, akalipia meli na ushuru, bila kujua ndani mna nini hadi kamba zikatwe.

Jambo moja limebadilika sana, na ndilo ninalotaka lijulikane. Koti la sufu la mwaka 1905 lilistahili kutengenezwa. Lilikuwa ghali na imara. Nguo mpya za siku hizi ni rahisi kiasi kwamba duka la Marekani haliwezi kumlipa mtu abadilishe zipu na bado lipate kitu. Shati lililokatika vifungo huingia moja kwa moja kwenye rundo la kilo. Ushonaji uliowapa wanawake wa South End ujira sasa unafanywa na mafundi cherehani waliokaa kandokando ya soko la Karume: kupunguza kiuno, kubana miguu ya suruali, kugeuza kola, kuweka zipu mpya, mteja akisubiri pembeni.