Mkojo Mweusi Baada ya Mechi: Maswali ya Wachezaji wa Mpira

Mwanzo wa msimu nakimbia vizuri. Mbona raundi ya pili miguu inakuwa mizito?

Timu ya Ligi Kuu Bara hucheza mechi 30 kwa msimu, na kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi moja. Nguvu nyingi hutoka kwenye glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Ikiisha, huchukua siku mbili hadi tatu kujaa, na haijai kwa chai na andazi. Mechi ikiisha, kula ugali, wali, ndizi au viazi, pamoja na maharage, mayai au samaki. Ninyi mnaocheza ndondo (mechi za mtaani) tatu kwa wiki huku mkishindia soda, mwili wenu haujazeeka. Una njaa.

Nakula vizuri lakini uchovu hauishi.

Pima damu. Akiba ya madini ya chuma inaweza kushuka msimu ukiendelea. Kula maini, dagaa na mboga za majani, na chai iache mpaka chakula kitulie tumboni.

Jana baada ya mechi nilikojoa mkojo kama chai ya rangi, na mapaja yanauma sana. Ni UTI?

Nenda hospitali leo. Misuli ikiumia sana humwaga protini yake, mayoglobini, kwenye damu. Protini hiyo ndiyo inayotia mkojo rangi, na inaweza kuharibu figo.

Nikinywa maji mengi, nikisubiri hadi kesho?

Hapana. Kunywa maji ukiwa njiani kwenda hospitali. Wagonjwa wengi ninaowapokea hospitalini walisubiri siku mbili au tatu, wakafika miguu imevimba na mkojo umekaribia kukata.

Wenzangu wanasema ni malaria tu.

Hata ikiwa malaria, iliyofikia kubadili mkojo kuwa mweusi ni malaria kali, nayo haitibiwi kwa vidonge vya duka la dawa. Kwa vyovyote vile, mkojo mweusi ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Basi nichome diklofenaki kwanza, maumivu yapungue?

Hapana, tafadhali. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na wewe umeshatokwa jasho lita nzima au zaidi. Na ile tabia ya kuchomana sindano kabla ya mechi ili mtu amalize dakika 90, viongozi wa timu, iacheni. Mnaficha maumivu, kijana anaendelea kuumia.

Nitayatofautishaje na maumivu ya kawaida?

Ya kawaida hukolea siku ya pili, kisha hupungua, na mkojo haugeuki kuwa mweusi. Mkojo ukiwa mweusi, au miguu ikikosa nguvu, usiendelee kupima mwenyewe.

Nikifika nimwambie nini daktari?

Ulicheza lini, dakika ngapi, ulimeza au kuchomwa dawa gani. Omba upimwe figo na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Usipotaja mechi, utapimwa malaria, itakosekana, na utarudishwa nyumbani.