Je, wajua kwa nini dawa ya presha inaweza kumpunguzia panya woga?

Panya hawezi kusema kama ana wasiwasi, hivyo watafiti humweka juu ya njia panda iliyoinuliwa karibu nusu mita kutoka sakafuni. Njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Kwa asili panya huogopa uwazi na kimo, lakini pia ni mdadisi. Kwa dakika 5 huhesabiwa ametoka kwenda njia za wazi mara ngapi na amekaa huko nje muda gani. Akijibanza kwenye kuta, husemwa ana tabia inayofanana na wasiwasi. Yaliyomo moyoni mwake hatuyajui.

Basi presha ikipanda, woga nao hupanda? Si lazima. Panya maarufu wa presha walitokana na kazi ya Okamoto na Aoki huko Kyoto, Japani, iliyochapishwa 1963. Presha yao hupanda yenyewe wanapokua, namba ya juu ikapita 180. Ajabu ni kwamba katika majaribio mengi hutoka nje zaidi kuliko jamaa zao wa ukoo wa Wistar-Kyoto wenye presha ya kawaida.

Kwa hiyo mimi naona mshukiwa wa kweli ni angiotensini. Homoni hii hubana mishipa ya damu, na vipokezi vyake vimo pia kwenye ubongo, yakiwemo maeneo yanayoongoza hofu na kuamsha homoni za msongo. Losatani, dawa ya presha, huviziba vipokezi hivyo. Kaptoprili na enalaprili, nazo dawa za presha, huzuia homoni yenyewe kutengenezwa. Mwaka 1990 walitangazwa panya waliopandikizwa jeni ya ziada ya renini, kimeng'enya kinachoanzisha mlolongo wa kutengeneza angiotensini. Hao wana presha kali, na watafiti wa Brazili wamewaona wakikwepa njia za wazi.

Ili kujua kama nafuu imetokana na presha kushuka au angiotensini kuzuiwa, kundi moja hupewa losatani na jingine haidralazini, dawa inayolegeza mishipa bila kuzuia angiotensini. Presha ikishuka sawa kwa makundi yote lakini woga ukapungua kwa wa losatani tu, jibu ni angiotensini, si presha.

Kuna mtego mmoja: dawa inaweza kumchangamsha panya tu, akazurura kila mahali. Ndiyo maana huhesabiwa pia anavyoingia njia zenye kuta. Safari za kuingia njia zote zikiongezeka, hapo hakuna ushahidi wa utulivu.